Sauna ya Maman Salme

Tantine Pétronille alicheka mpaka akaweka kitana chini.

"Uchi? Weye na ile maman ya kizungu, uchi, mu kachumba ka moto?"

"Anasema kwao hakuna anayeingia na nguo, tantine."

"Seigneur!" Akamgeukia mteja aliyekuwa amekaa mbele ya kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Maman Thérèse, unasikia? Bazungu nabo banajifukiza sasa."

"Bon, kama ni kujifukiza, iko muzuri kwa malaria," Maman Thérèse alisema.

"Malaria gani mu Jette? Mbu ya Jette inakufaka na baridi mbele ikuume!"

Saluni nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wamesimama nje kwenye ujia wa Galerie d'Ixelles, Brussels, wakichagua mafuta ya nywele. Mimi niliendelea kufagia nywele za bandia zilizoanguka sakafuni. Nilikuwa nimeshakubali. Mtu mzima akiniomba kitu, mdomo wangu husema ndiyo kabla sijafikiri, na baadaye hubaki nimesimama na ile ndiyo yangu nisijue pa kuiweka.

Bukavu nilisomea ualimu. Brussels, tangu nilipofika baada ya vita, nilikuwa naenda majumbani mwa wazee kuwaogesha, kuwapikia supu, na kuwasikiliza. Kati yao wote niliyempenda ni Maman Salme. Alikuwa Mwestonia. Nchi yake sikuijua mpaka aliponionyesha kwenye ramani iliyobandikwa jikoni, kipande kidogo juu kabisa, kando ya bahari ya baridi. Aliikimbia mwaka arobaini na nne, bibi harusi mpya, Warusi walipokuwa wanarudi. Mumewe, Arnold, aliletwa Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe. Walipohamia Jette, mtaa wa hapa Brussels, alimjengea sauna mwishoni mwa bustani yao nyembamba, kibanda cha mbao kisichozidi banda la kuku. Tangu Arnold afe, miaka mingi sasa, hakuna aliyewasha moto mle ndani.

Huko Estonia alimwacha mdogo wake, Leida. Kwa miaka hamsini na zaidi hawakuonana. Sasa njia zilikuwa wazi, simu ilipita kila Jumapili, na mwezi wa sita, kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Maman Salme alikuwa anapanda ndege kwenda kumwona. Tiketi ilishakatwa. Viatu vya safari vilishanunuliwa, tena nilikwenda naye mimi.

"Unafurahi, maman?" nilimuuliza siku ile tuliyorudi na viatu.

"Naogopa," alisema. Tulikuwa tunazungumza Kifaransa, cha kwake kikiwa na mawe ndani yake, na changu kikiwa na aibu. "Leida hatanikumbatia mlangoni. Sisi hatujui hayo. Atachukua mzigo wangu, ataniambia sauna iko tayari. Humo ndani ndimo tutakamosemezana, yote. Ameshaniambia kwenye simu: siku utakayofika, itakuwa moto. Sasa fikiri, Émérance, nimefika halafu mwili wangu umekataa. Nimebaki nimekaa nje kwenye benchi kama mgeni kutoka Ubelgiji."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kwa moyo huu wangu nisiingie peke yangu, na nisikae sana." Akanitazama kwa macho yale ya kijivu. "Kwa hiyo utaingia na mimi. Jumamosi. Nijaribu kabla ya kwenda."

Nikasema ndiyo.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano nilimkuta ameshafunga kitambaa kichwani, uso umechangamka kama wa msichana. Moto ulikuwa umewaka tangu mchana. Moshi ulipanda wima juu ya ukuta wa bustani, na jirani, mzee mmoja wa Kibelgiji, alikuwa amesimama dirishani kwake ghorofani akiutazama kwa mashaka. Maman Salme alimpungia mkono. "Zamani aliwaita zimamoto," aliniambia. "Arnold akawaalika waingie. Wawili waliingia kweli, na kofia zao za chuma."

Kwenye ndoo ya maji ya moto aliloweka mafungu mawili ya matawi makavu yenye majani, ya ule mti wa gome jeupe ambao Wafaransa huuita bouleau. Alikuwa ameyakata mwaka uliopita na kuyaning'iniza darini. Majani yakalainika, yakatoa harufu ya msitu baada ya mvua.

Mlangoni alisimama, akainamisha kichwa, akasema neno moja kwa lugha yake.

"Unasema na nani, maman?"

"Naisalimia. Sauna husalimiwa, kama mtu. Na humo ndani hakuna kupaza sauti, hakuna kugombana, hakuna kujisifu. Mama yangu angetutoa kwa masikio."

"Jambo, sauna," nilisema. Akafurahi sana.

Nguo nilizivua nikiuelekea ukuta. Namna nilivyolelewa, kumwona uchi mwanamke wa umri wa bibi yako si jambo la kuchekea. Ni kumvunjia heshima, na wewe mwenyewe unajidhuru. Kwa hiyo tulipokwisha kupanda benchi la juu, tukakaa bega kwa bega gizani, nilitafuta pa kuweka macho. Kwenye ubao wa mbele yangu kulikuwa na jicho la mti, duara jeusi. Nikayaweka pale, nikayaacha pale.

Maman Salme alichota maji kwa upawa wa mbao, akayamwaga juu ya mawe yaliyolundikwa kwenye jiko. Mawe yakapiga kelele. Kwa nukta moja hakukutokea kitu. Halafu joto likaja, si kutoka kwenye jiko nilikolingojea bali kutoka juu, kutoka darini, likashuka masikioni, puani, mabegani, kama mtu anayekufunika shuka iliyotoka kupigwa pasi.

"Huo mvuke una jina," alisema kwa sauti ya chini. "Leil. Usipigane nao. Vuta pumzi polepole."

Nikavuta. Akachukua fungu la matawi akanipiga mgongoni. Niliruka kidogo, maana nilidhani yangeuma, lakini majani yalikuwa laini, na kila yalipogusa ngozi niliisikia ikiamka. Alinipiga mabega, mgongo, nyayo. Kisha akanipa fungu, zamu yangu. Nikampiga mgongo wake macho yangu yakiwa kwenye lile jicho la mti.

"Émérance, unafukuza nzi?"

"Hapana, maman."

"Basi piga!"

Nikapiga. Akacheka, kicheko cha kifuani ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akasema, "Loo, Leida ataona." Nami nikafurahi kwa ajili yake. Nilimwona kabisa ameshafika, mzigo umepokelewa, mlango umefungwa nyuma yao wawili.

Baada ya hapo tuliweka mafungu chini, tukakaa. Nilimkumbuka mama yangu Bukavu, namna alivyokuwa akinifukiza nikiwa na homa: sufuria la majani ya mkaratusi kati ya magoti yangu, blanketi juu ya kichwa, na yeye nje ameshika ncha za blanketi. Ukilia humo ndani, halifunuliwi. Ukiomba, halifunuliwi. Mama ndiye anayejua saa, na akilifunua unatoka umelowa, mwepesi, na umepona.

"Niongeze?" Maman Salme aliuliza.

"Kama unavyopenda, maman."

Akaongeza. Mawe yakalia, joto likashuka tena. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilisikia mapigo ya moyo wangu ndani ya masikio. Nikasema moyoni, sasa atainuka. Atasema twende tukapumzike nje, kuna maji na kiti.

Hakuinuka.

"Niongeze?"

"Kama unavyopenda."

Ningesema nini kingine? Nimwambie mwenye nyumba, mtu wa umri ule, kwamba imetosha? Nishuke benchi nimpite, nimwache amekaa? Nilibana midomo, nikalikazia macho lile jicho la mti, ambalo sasa lilikuwa linacheza. Joto la mara hii halikuwa shuka tena. Nilisikia upawa ukianguka kwenye sakafu ya mbao. Nikadhani ameuweka.

Kisha kichwa chake kikalala juu ya bega langu.

Nilidhani ni upendo. Mwanamke asiyejua kukumbatia, na sasa, humo gizani, amelaza kichwa chake kwangu. Nikakaa tuli kabisa nisimsumbue. Machozi yalinilenga. Nilitamani kumpapasa nywele lakini niliona haya, nikaacha mkono wangu ulipokuwa.

Ni uzito ulionifanya nigeuke. Ulizidi kuja, ukaniegemea wote. Ndipo nilipomtazama usoni. Jicho moja lilikuwa nusu wazi na upande mmoja wa mdomo umeshuka, mate yanatoka.

"Maman? Maman Salme?"

Nilimkamata kwapani, akaniponyoka. Alikuwa ameloa jasho, mimi nimeloa jasho, mikono haikushika kitu. Kazini nilifundishwa namna ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani; hakuna aliyenifundisha kumshusha mtu kutoka benchi la juu kwenye giza, mwili unaoteleza kama samaki. Nilishuka chini, nikampokea kwa kifua, tukaanguka pamoja. Niliusukuma mlango kwa mguu. Nikamburura mpaka kwenye nyasi, baridi ikatupiga, nikamtupia mataulo yote, koti langu, blauzi yangu, chochote kilichokuwa karibu, maana mchana ulikuwa mweupe na madirisha ya mtaa mzima yalikuwa yanatutazama.

"Ça va, mademoiselle?" Yule mzee wa ghorofani alikuwa amefungua dirisha.

"Ça va," nikamjibu, yaani ni salama.

Mdomo wangu ulisema hivyo wenyewe, kwa adabu. Akaanza kulifunga dirisha. Ndipo nilipopiga kelele, kelele ambayo haikuwa Kifaransa wala Kiswahili, na nashukuru aliielewa, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga simu.

Waliokuja na gari la wagonjwa walikuwa vijana, wapole, wenye haraka. Walikuwa na maswali mengi. Amekaa humo muda gani? Sikujua. Anakunywa dawa gani? Nilizijua, mimi ndiye niliyekuwa nampa kila asubuhi, lakini majina yalikuwa yamenitoka yote. Ana ndugu?

"Binti yake yuko Ghent."

"Na wewe ni nani kwake?"

Nilikuwa nimejifunga taulo, bila viatu, majani yamenigandia mabegani.

"Mgeni," nilisema.

Bintiye, Maret, alifika hospitali jioni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani ningepumua kama angenitukana. Alikaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki.

"Daktari anasema ni kiharusi," alisema. "Joto, na moyo ule. Ataishi. Lakini sielewi jambo moja. Kwa nini hukutoka?"

"Nilikuwa nangoja aanze kuinuka yeye."

Alinigeukia.

"Mama hawezi kuanza," alisema. "Kwa mama, mwenye sauna hatoki kabla ya mgeni. Bibi yangu aliwalea hivyo. Mgeni ndiye anayesema basi. Wageni wetu wote walikuwa Wabelgiji, walikuwa wanatoka mbio, tunabaki tunacheka." Akajifuta pua kwa kiganja. "Wewe ndiye wa kwanza kukaa."

Nilitaka kusema kitu. Nilikifikiri kwa Kiswahili, nikakigeuza kwa Kifaransa, kikaonekana kidogo mno, nikakimeza.

Tantine Pétronille aliniuliza swali lile lile nyumbani, tena akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Juu ya nini haukutoka? Hein? Moto inakuunguza, na weye unakaa tu, kama nyama ya brochette?"

"Maman alikuwa amekaa, tantine. Ningeinukaje mbele yake?"

Mikono ikamshuka kiunoni. Akavuta kiti, akakaa.

"Ni kweli," alisema baadaye, sauti imeshuka. "Hata miye singetoka."

Nilidhani kuambiwa hivyo kungenisaidia.

Upande wa kulia wa Maman Salme ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Kifaransa kilikuwa kimeondoka chote, kama mpangaji aliyehama. Kilichobaki ni Kiestonia, maneno machache, yaliyotoka yamepinda. Maret mwenyewe alikijua cha utotoni tu, cha kula na kulala. Kwa hiyo mama alizungumza na hakuna aliyemwelewa; wauguzi walimletea maji, wakamgeuza upande, wakafunga dirisha, wakafungua, na yeye akatikisa kichwa mpaka akachoka. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi. Nilimpaka mafuta mkono ule uliokufa. Wakati mwingine alikuwa ananitazama kana kwamba anangoja nimwambie jambo, na mimi nilikuwa namsimulia habari za saluni, kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yoyote ilikuwa sawa.

Daktari alisema ndege ni hapana. Si mwaka huu, na pengine si mwaka mwingine wowote. Leida naye alikuwa haondoki kwake, magoti yake hayakumruhusu hata kufika kituo cha basi. Maret aliirudisha tiketi.

"Umemwambia?" nilimuuliza.

"Nimemwambia kwa Kifaransa na kwa Kiestonia changu. Sijui amesikia kipi."

Siku ile ya safari niliomba ruhusa nikafika asubuhi, kwa sababu sikutaka awe peke yake. Nilitumaini hajui ni siku gani. Lakini nilipoingia alikuwa macho, amejisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, na mkono wake mzima ulikuwa unaonyesha kabati.

Nilimpa nguo yake ya kulalia. Akaitupa. Nilimpa shali. Akaonyesha tena, chini zaidi. Nikafungua mlango wa chini. Maret alikuwa ameleta nguo zake hospitalini ndani ya mkoba, za siku atakayotoka, na humo ndani kulikuwa na koti la kijivu na vile viatu.

"Maman," nilisema, "ndege..."

Aliniangalia. Kidole chake bado kilionyesha viatu.

Nilimvalisha. Gauni, halafu koti, mkono uliokufa kwanza kama nilivyofundishwa. Viatu havikuingia, miguu ilikuwa imevimba. Nililegeza kamba zote, nikabana, nikasukuma polepole mpaka visigino vikakubali. Nilimchana nywele. Nikamwekea mkoba magotini, maana aliuomba, nao ulikuwa mtupu sasa. Akakaa ameutazama mlango.

Muuguzi aliingia na trei ya chakula cha mchana.

"Tunakwenda wapi leo, madame?" alisema kwa uchangamfu. Kisha akanigeukia. "Nani amemvalisha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ameomba."

"Na wewe umemwambia nini?"

Niliokota ile nguo ya kulalia, nikaikunja. Aliweka supu mezani, akatikisa kichwa, si kwa ukali, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Supu ikaota utando juu.

Nilijaribu. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mkono, nikasema kwa Kifaransa kwamba Leida anajua, kwamba Maret amempigia, kwamba hakuna anayemngoja uwanjani. Nilisema polepole na waziwazi, kama nilivyokuwa nikiwasomesha watoto. Alinisikiliza kwa subira mpaka mwisho. Halafu akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisizojua bado anazo, akanivuta. Alitaka kusimama.

Kumsimamisha nilijua. Goti langu kati ya magoti yake, mikono yangu nyuma ya kiuno chake, moja, mbili, na akawa juu, uzito wake wote juu yangu, kidevu chake kwenye bega langu. Mkoba ukaanguka. Alisema kitu cha Kiestonia, kirefu, sikioni mwangu, na mwishoni sauti ikapanda kama ya mtu anayeuliza.

Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa naujua ule ukumbi. Unaishia kwenye lifti, na lifti inashukia kwenye maegesho ya magari.

Akasogeza mguu mzima mbele. Kisha akangoja. Nikausukuma ule mwingine, kwa ncha ya kiatu changu, mpaka ukafika pale ulipo mwenzake.